Kupika egusi ya Kinigeria kwa mbegu za maboga na samaki wa Mwaloni

Egusi ni mchuzi mzito wa kulia ugali, na uzito wake wote unatoka kwenye mbegu. Kule Nigeria mbegu hizo ni za jamii ya tikiti, bapa, zenye weupe wa krimu. Si tikiti hili linalokatwa vipande na kuuzwa stendi ya Nyegezi, hapa Mwanza. Nyama ya tunda lile ni chungu, watu wanalilima kwa ajili ya mbegu tu. Jirani yangu hapa Kitangiri, mama wa Kiigbo kutoka Enugu, huletewa za kwao na ndugu wanaokuja kumtembelea. Zikimwishia anatumia mbegu za maboga, na ndivyo alivyonifundisha mimi. Mchuzi wa mbegu za maboga unaelekea ukijani kidogo badala ya ule umanjano wa kwao, lakini unashika vizuri na ladha inakaribiana sana. Karanga usitie. Najua sisi watu wa Kanda ya Ziwa tukisikia mboga ya kuunga, mkono unakwenda kwenye karanga wenyewe. Ila karanga ina utamu wake unaofunika kila kitu, na hapo utakuwa umepika mboga nyingine, nzuri tu, lakini si egusi.

Nunua mbegu mbichi, si zile zilizokaangwa na chumvi. Waulize akina mama wanaouza nafaka sokoni, Kirumba au Mlango Mmoja. Usiende duka la pembejeo: mbegu nyingi za kupanda zimepakwa dawa, nazo si za kuliwa hata uzioshe mara ngapi. Ukipata zenye maganda, zimenye jioni mkiwa mnaongea, na watoto wasaidie. Kazi hiyo haina njia ya mkato.

Kwa watu sita natumia vikombe 2 vya mbegu zilizomenywa, kilo 1 ya nyama ya ng'ombe yenye mfupa, kipande cha kayabo (sangara mkavu wa chumvi) cha ukubwa wa kiganja, sato mmoja mkubwa wa kubanika, dagaa wakavu konzi 2, mawese kikombe 1 kasoro kidogo, pilipili hoho nyekundu 3, nyanya 2, vitunguu maji 3, pilipili mbuzi 2 na fungu kubwa la msusa, yaani majani ya maboga.

Hapo kwenye samaki ndipo Mwanza inapotupendelea. Wanigeria hutia samaki wa baharini aliyekaushwa kwa baridi huko Norwe, mgumu, mwenye harufu kali, anayechemshwa muda mrefu mpaka alainike. Sisi tuna kayabo. Sangara aliyetiwa chumvi na kuanikwa ana ugumu wa aina hiyo hiyo na harufu inayoingia ndani ya mchuzi, na pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, amepangwa marundo kwa marundo, wengi wakisubiri safari ya Kongo. Mloweke usiku kucha, ubadilishe maji angalau mara mbili, la sivyo sufuria nzima itakuwa chumvi tupu. Badala ya kamba wadogo wakavu wa kusaga, ambao kule hawakosekani kwenye mchuzi wowote, mimi natumia dagaa wa ziwani. Chagua walioanikwa kwenye chanja. Walioanikwa chini wana mchanga, na mchanga ukishasagwa pamoja na dagaa hautoki tena. Watoe vichwa, wakaange kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo mpaka wakatike kwa vidole kwa mlio, kisha watwange. Kama una ndugu Dar anayeweza kukutumia uduvi mkavu, changanya nusu kwa nusu na dagaa, utafurahi.

Mawese nunua ya Kigoma, na uyanuse kabla hujatoa hela. Paka tone kiganjani, sugua, vuta harufu: mazuri yana harufu nzito inayokaribia ya matunda, yaliyochacha yanakwaruza puani. Chupa ikiwa imeganda chini, rangi ya chungwa, hiyo ni kawaida ya mawese. Iweke juani kidogo, kisha itikise. Na usinipunguzie mafuta. Watu wengi wanaona kikombe kizima wanashtuka, wanatia vijiko vitatu, halafu wanalalamika mchuzi una ladha ya unga mbichi. Mbegu inaiva ndani ya mafuta. Kama kiafya hutakiwi kula mafuta mengi, pika kama nilivyosema, kisha engua yale yanayoelea juu mwishoni.

Sasa jikoni. Chemsha nyama na kitunguu kimoja na chumvi kidogo sana. Ikikaribia kulainika, tia kayabo na uendelee mpaka vyote viive. Supu yake usimwage hata tone. Unahitaji kama vikombe 4.

Wakati nyama inachemka, saga mbegu zikiwa kavu kabisa. Kwenye blenda saga kidogo kidogo, washa na kuzima, kwa sababu ukiiachia tu mbegu zinatoa mafuta na kugandamana chini ya visu. Kinu na mchi vinafanya vizuri zaidi kwa maoni yangu, unapata unga usiolingana sana, na zile chembe ndogo ndizo zinazokupa kitu cha kutafuna. Mimina unga kwenye bakuli, kwangulia nusu ya kitunguu, ongeza maji ya vuguvugu kijiko kwa kijiko mpaka upate donge linalokaa kwenye kijiko bila kudondoka. Liache lipumzike.

Hoho, nyanya, pilipili mbuzi na kitunguu kimoja visage pamoja. Teleka sufuria pana, tia mawese, moto wa kati. Mafuta yakiwa yameyeyuka na kupata moto, tia kile kitunguu nusu kilichobaki, kikatwe vipande. Usisubiri yafuke moshi. Hatutaki kuyachoma rangi. Mimina mchanganyiko wa hoho na ukaange kwa dakika 15 hivi, mpaka maji yakauke na mafuta yajitenge pembeni.

Hapa ndipo penyewe. Chota donge la mbegu kwa kijiko, dondosha vipande vipande juu ya rojo lile, kimoja huku kimoja kule, mpaka liishe. Punguza moto, kama unatumia jiko la mkaa, toa makaa kadhaa. Funika. Usikoroge. Jirani yangu alikuwa ananishika mkono kabisa: "Dada, acha mwiko!" Ukikoroga mapema, mbegu inasambaa na unapata uji. Ukiiacha kwa dakika 10 hadi 12, vipande vinashikana kwa mvuke, na ukifunua utaona vimeumuka kidogo, juu vimekauka, mafuta mekundu yanachemka kwa vipovu vidogo kuvizunguka. Ndipo ugeuze taratibu kwa mwiko, ukivunja vile vikubwa tu. Hii ndiyo njia yenye madonge, wanayoipenda sana Wayoruba. Iko nyingine ya kukaanga unga mkavu moja kwa moja ndani ya mafuta mpaka uchambuke, nayo ni tamu, ila inaungua upesi ukigeuka tu kuitika hodi.

Tia supu ya nyama vikombe 3 kwanza, halafu nyama na kayabo, halafu unga wa dagaa. Funika nusu, moto mdogo, dakika 20, ukipitisha mwiko chini mara moja moja maana mbegu hupenda kushika sufuria. Alama ya kuiva ni moja: mafuta yanapanda juu. Yanaanza kama madoa mekundu hapa na pale, kisha yanaungana kuwa utando unaong'aa. Kabla ya hapo onja, utakuta ubichi nyuma ya ulimi. Baada ya hapo ubichi haupo. Mchuzi ukikaza mno, ongeza supu iliyobaki. Sasa ndiyo onja chumvi, maana kayabo na dagaa wameshasema yao.

Sato wa kubanika mtoe miba mikubwa, mtie vipande vipande, asipondeke.

Mboga yao ya majani ni ya jamii ya maboga pia, kwa hiyo msusa unakaa mahali pake bila shida. Uchague machanga. Vunja kikonyo nchani na uvute nyuzi kwenda chini mpaka zitoke zote, kisha jani lenyewe lipikiche kwenye maji ili ule ukwaruzo uishe, ukamue, ukatekate. Tia mwisho kabisa, dakika 5, bila kufunika, utoe jikoni majani yakiwa bado kijani.

Wao hula na viazi vikuu vya kutwanga au unga wa muhogo, na hawatafuni tonge, wanachovya na kumeza. Mimi nasonga ugali wa udaga, yaani wa muhogo uliochachushwa, na nasema bila kusita kwamba hakuna ugali mwingine unaoufaa mchuzi huu zaidi. Ule uchachu wa udaga unakata uzito wa mawese, na tonge lake linavutika, linabeba mchuzi bila kuvunjika. Songa udaga wakati msusa unaiva, ili vyote vifike mezani vya moto.

Mchuzi ukilala unakaza sana. Kesho yake upashe kwa maji ya moto kidogo na moto mdogo. Ukitaka kupika mwingi wa kuweka kwenye friza, toa sehemu ya kuhifadhi kabla ya kutia msusa, uache ipoe, ndipo uifunge; majani utatia mabichi siku ya kula.