Kutengeneza bodi ya saketi kwa printa ya leza na pasi

Mchoro wa njia, yaani mistari ya shaba inayopitisha umeme, huchapwa kwa tona ya printa, huhamishiwa kwenye bodi ya shaba kwa pasi, kisha asidi hula shaba isiyofunikwa na tona. Bodi nyingi za kwanza haziharibikii kwenye asidi. Zinafika kwenye asidi zikiwa zimeshaharibika, kwa sababu mchoraji alipitisha njia nyembamba za kiwandani huku akitegemea pasi ya nguo. Kiwanda kinaweza kutoa njia ya milimita 0.15 bila shida. Tona iliyobandikwa kwa mkono haiwezi. Ndiyo maana hapa uchoraji umepewa nafasi kubwa kuliko kemikali.

Tufanye kwa mfano mmoja: saketi ya kuwasha na kuzima LED (taa ndogo) kwa NE555, aisii (chipu) ya kupima muda, bodi ya upande mmoja wa shaba, milimita 50 kwa 40. Ni ndogo, ila ina mtego mmoja mzuri wa kujifunzia.

Unahitaji NE555 ya miguu 8 na soketi yake, rezista za kΩ 10 (R1), kΩ 68 (R2) na Ω 470 (R3), kapasita ya µF 10 ya volti 16 au zaidi (C1), nyingine za nF 10 (C2) na nF 100 (C3), LED nyekundu, na betri ya volti 9 pamoja na kishikio chake chenye nyaya.

Unganisha hivi. Mguu 1 uende graundi, yaani upande hasi wa betri, miguu 8 na 4 iende kwenye chanya. Miguu 2 na 6 ishikane, kisha ipokee upande chanya wa C1, ambayo upande wake hasi uko graundi. R1 ikae kati ya chanya na mguu 7, R2 kati ya mguu 7 na mguu 6. C2 itoke mguu 5 kwenda graundi. Mguu 3 upite R3, kisha LED, kisha graundi. C3 ikae kati ya mguu 8 na mguu 1, karibu na soketi kadiri inavyowezekana. Muda wa kuwaka ni 0.693 × (R1 + R2) × C1, yaani sekunde 0.54. Muda wa kuzima ni 0.693 × R2 × C1, yaani 0.47. Ukitaka mwendo mwingine, badilisha R2.

Kuchora

Programu ya kuchorea bodi ya KiCad inatosha, nayo ni ya bure. Chora kwanza mchoro wa saketi, endesha ukaguzi wa umeme, halafu mpe kila kifaa unyayo wake, yaani umbo na nafasi ya matundu yake kwenye bodi. Kwa 555 chagua unyayo wa DIP-8 (miguu 8 katika safu mbili) wenye pedi ndefu, yaani vipande vya shaba vya kulehemia miguu, za mm 2.4 kwa 1.6. Pedi za mviringo za mm 1.6 huacha pete ya shaba ya mm 0.4 tu kuzunguka tundu la mm 0.8. Keekee ikihama kidogo, upande mmoja wa pete unaisha na lehemu inakosa pa kushika. Pedi za rezista na kapasita zipanue mpaka mm 2.

Kabla ya kuvuta njia hata moja, weka kanuni za bodi: upana wa njia mm 1, usipungue 0.8, na nafasi kati ya shaba na shaba mm 0.5. Njia ya mm 1 kwenye shaba ya kawaida ya mikroni 35 hubeba kama ampea 2 bila kupata joto la kutisha, kwa hiyo upana huu hauhusiani na mkondo wa LED yetu. Ni kwa ajili ya pasi.

Vifaa vikae upande wa juu, njia zipite tabaka la shaba la chini. Mtego wenyewe uko hapa. Ukitazama 555 kutoka juu, miguu 1 hadi 4 inashuka kushoto, na 5 hadi 8 inapanda kulia. Mguu 2 lazima ufike 6, na mguu 4 lazima ufike 8. Vuta mistari hiyo miwili chini ya tumbo la aisii na utaona inakatana. Acha 2 na 6 vishikane chini ya aisii, kisha 4 na 8 viungane kwa daraja: kipande cha waya upande wa juu, kilichopita kwenye matundu mawili. Hakuna aibu kuweka daraja. Kuna watu wanapoteza jioni nzima wakizungusha njia ili wasiweke waya wa sentimita mbili.

Rezista nayo ni daraja. Miguu yake ikiachana kwa mm 10.16, na pedi ni za mm 2, zinabaki mm 8 za kupitishia njia chini yake. Usijaribu hivyo kati ya miguu miwili ya aisii: miguu inaachana mm 2.54, ukitoa pedi ya mm 1.6 inabaki 0.94, na njia ya 0.8 humo ndani itagusana na majirani wote wawili.

Ukimaliza, jaza nafasi iliyobaki kwa shaba ya graundi, ukiacha pengo la mm 0.6 au zaidi kuizunguka. Kadiri shaba ya kuliwa inavyopungua, asidi inadumu na kazi inaisha mapema. Malizia kwa ukaguzi wa kanuni za bodi mpaka usibaki na kosa lolote.

Kuchapa bila kugeuza

Hapa ndipo bodi nyingi zinapozaliwa kinyume. Programu inakuonyesha shaba ya chini kana kwamba unaitazama kutoka juu, ukipenya bodi kwa macho. Ukiichapa hivyo hivyo na kuilaza kifudifudi juu ya shaba, inajigeuza yenyewe na kukaa sawa. Kwa hiyo tabaka la chini lichapwe bila kugeuzwa. La juu, kama ungekuwa nalo, ndilo la kugeuza.

Usiamini kumbukumbu, weka alama. Andika herufi R kwenye tabaka la shaba la chini, iwe imegeuzwa. Kwenye karatasi lazima isomeke kinyume. Kwenye shaba itasomeka sawa. Usitumie A, O wala M, maana hizo zikigeuzwa hazisemi chochote. Kama umeshachelewa na bodi imetoka kinyume, bado inaokoka ukilehemu vifaa upande ule ule wa shaba, bila soketi.

Chapa kwa asilimia 100, rangi nyeusi tupu, tona kwa kiwango cha juu kabisa, na alama ndogo za matundu katikati ya kila pedi. Zima chaguo la kulinganisha na ukubwa wa karatasi. Upungufu wa asilimia 3 hauonekani kwenye 555, ni mm 0.23 kutoka mguu wa kwanza hadi wa nne. Kwenye aisii ya miguu 40 unafika karibu mm 1.5, na hiyo haiingii. Chapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida, laza vifaa juu yake, uhakikishe kila mguu umeangukia mahali pake.

Karatasi ya kazi yenyewe iwe laini ya kung'aa, kama ya jarida. Printa iwe ya leza, au mashine ya fotokopi. Wino wa maji haufai kabisa; tona ni unga wa plastiki, na ni plastiki hiyo inayoyeyuka na kuikinga shaba. Usiguse upande uliochapwa.

Kusafisha na kupiga pasi

Kata bodi kubwa kidogo kuliko mchoro. Lainisha kingo kwa tupa, kwa sababu ukingo ulioinuka huizuia pasi kugusa katikati. Sugua shaba kwa sufi ya chuma laini au msasa wa namba 600 mpaka ing'ae rangi ya waridi, osha kwa sabuni, suuza. Itazame maji yakiwa juu yake: yakitanda kama kioo, ni safi, yakijikusanya matone, kuna mafuta, rudia. Ikaushe, ipanguse kwa asetoni, na kuanzia hapo ishike kingo tu. Alama moja ya kidole inatosha kuacha tundu kwenye njia.

Pasi isiwe na maji ndani, na joto lake liwekwe kwenye alama ya pamba. Pasha bodi peke yake dakika moja juu ya ubao. Laza karatasi, uso wenye tona chini, na ibonyeze kwa pasi sekunde 30 bila kuisogeza hata kidogo. Tona ikishashika, pitisha ncha ya pasi polepole kila sehemu kwa dakika tatu au nne, hasa pembeni. Michoro ya njia itaanza kuonekana kwa nyuma ya karatasi kama mishipa. Hiyo ni dalili nzuri.

Iache ipoe yenyewe, kisha iloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni kwa dakika 15. Usichane karatasi, iviringishe kwa kidole gumba mpaka itoke kama makombo. Utando mweupe ukibaki kati ya njia mbili, uondoe kwa mswaki laini, la sivyo asidi haitafika hapo na njia zitabaki zimeshikana. Tona ikitoka na karatasi, joto lilikuwa dogo au shaba ilikuwa na mafuta. Njia zikivimba na kuungana, ulibonyeza mno. Matundu madogo yazibe kwa kalamu ya wino usiofutika, mara mbili. Makosa yakizidi matano au sita, futa yote kwa asetoni na uanze upya. Shaba bado ni nzima.

Asidi

Feriki kloraidi ndiyo ya kuaminika. Kama ni ya mabonge, pima gramu 500 kwa lita moja ya maji. Daima mimina dawa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukifanya kinyume inachemka na kuruka. Glavu, miwani, madirisha wazi, chombo cha plastiki. Doa lake kwenye nguo halitoki, na sinki ya chuma inaila.

Bodi yetu inatosheka na mililita 150. Weka chombo ndani ya beseni la maji ya moto mpaka dawa ifike kama nyuzi 40, tumbukiza bodi, na tikisa chombo bila kuacha. Dakika 10 hadi 20 zinatosha. Dawa baridi huchukua mara mbili au zaidi, na muda wote huo inachimba tona kwa chini na kuzipunguza njia. Ili kujua kama imekwisha, suuza bodi na uinue mbele ya taa. Bodi ya nyuzi za kioo hupitisha mwanga, na shaba iliyobaki huonekana kama kivuli cheusi. Itoe mara kivuli cha mwisho kinapopotea.

Dawa hutumika tena mara nyingi. Itunze kwenye chupa ya plastiki yenye maandishi. Ikichoka usiimwage kwenye mfereji, maana shaba iliyomo ni sumu kwa samaki. Ipeleke panapopokelewa taka za kemikali.

Kutoboa na kulehemu

Futa tona kwa asetoni. Pima kwa mlio wa multimita kila jozi ya njia zilizo jirani kabla ya kutoboa. Matundu ya vifaa vyote hapa ni mm 0.8, nyaya za betri mm 1. Keekee ya kabaidi hudumu, lakini mkono ukiyumba tu inakatika, kwa hiyo tumia stendi. Ya chuma cha kawaida huvumilia mkono ila huwa butu upesi kwenye kioo. Vaa barakoa, vumbi hilo si la kuvuta.

Lehemu kwa joto la nyuzi 350, waya wa mm 0.8, ukianza na vifupi: daraja, rezista, soketi, kapasita, LED. Nawa mikono baadaye kama waya una risasi.

Usichomeke 555 bado. Washa betri, pima soketi: matundu 8 na 4 lazima yote yaonyeshe volti 9 dhidi ya tundu 1. Tundu 4 likionyesha sifuri, daraja halijashika. Zima betri, chomeka aisii, washa tena. LED ikiwa giza kabisa, huenda imegeuzwa. Ikiwaka bila kuzima, C1 haijazwi: R1 au R2 haijashika, au C1 imeshikana na graundi. Ikiwaka mfululizo kwa mwanga hafifu, C1 haijaunganika kabisa, na 555 inapiga haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata.