Namna ya Kuandaa Somo Kuhusu Asili ya Yesu na Tumaini la Mbinguni

Mwalimu wa katekisimu au kiongozi wa kikundi cha Biblia akipangiwa kufundisha habari za mbinguni, mara nyingi hukimbilia Ufunuo, kwenye milango ya lulu na njia ya dhahabu safi, na kabla ya saa kwisha darasa limekwisha kuzama katika maswali ambayo Maandiko yenyewe hayakuyajibu. Ni afadhali aanze na Yesu, kwa kuwa yale ambayo Wakristo huamini kuhusu mbingu yanategemea yale wanayoamini kuhusu yeye. Ikiwa Mwana wa Mungu alitwaa mwili kweli, akafufuka nao na kupaa nao, tumaini la Mkristo haliwezi kuwa la roho iliyouponyoka mwili na kuelea milele.

Fungu la kuanzia liwe Marko 4:35-41, nalo lisomwe kwa sauti na bila haraka. Yesu amelala katika shetri, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, kichwa juu ya mto, na hata maji yanayojaa chomboni hayamwamshi. Wanafunzi ndio wanaomwamsha, naye anaukemea upepo, kukawa shwari kuu. Uliza darasa ni nani awezaye kushikwa na usingizi namna hiyo, kisha wafungue Zaburi 107:23-30 waone ni nani anayeituliza dhoruba mbele ya mabaharia waliokata tamaa. Mwinjili hakuona haja ya kueleza. Aliliacha swali la wanafunzi, kwamba huyu ni nani hata upepo na bahari vimtii, likining'inia pale pale. Nawe uliache kidogo. Mwalimu anayetoa jibu baada ya nukta tano huwanyang'anya wanafunzi sehemu bora ya somo.

Baada ya hapo andika ubaoni safu mbili, moja ya Uungu wa Yesu na moja ya utu wake. Katika ya kwanza weka Yohana 1:1 na kauli ya Tomaso katika Yohana 20:28. Katika ya pili weka uchovu wa kisimani katika Yohana 4:6, machozi ya Yohana 11:35 na kujaribiwa kunakotajwa katika Waebrania 4:15. Safu hizo zina hatari yake, maana mwanafunzi anaweza kudhani kuna Yesu wawili wanaopokezana zamu, au Yesu mmoja aliye nusu Mungu na nusu mtu. Hapo ndipo historia inapohitajika.

Eleza kwamba Ario, padri wa Aleksandria, alifundisha kuwa Mwana aliumbwa na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwako, na kwamba Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 325 ulimpinga kwa kukiri kuwa Mwana ni wa asili moja na Baba. Mtaguso wa Kalkedonia wa mwaka 451 ukaongeza kwamba Kristo ni nafsi moja katika asili mbili, ya Uungu na ya utu, bila kuchanganyika, bila kugeuka, bila kugawanyika na bila kutenganishwa. Waonyeshe wanafunzi kuwa maneno hayo manne yote ni ya kukanusha: maaskofu hawakudai kueleza jinsi jambo hilo linavyowezekana, bali waliweka mipaka ya kusema. Kwa haki, taja pia kwamba makanisa ya Kikopti, Kiethiopia, Kiarmenia na Kisiria hayakuukubali mtaguso huo wa Kalkedonia, ingawa nayo hukiri kuwa Kristo ni Mungu kamili na mtu kamili; na kwamba Mashahidi wa Yehova huamini kuwa Yesu aliumbwa na si Mungu Mwenyezi.

Usifiche aya ngumu. Yohana 14:28, ambapo Yesu anasema Baba ni mkuu kuliko yeye, na Marko 13:32, ambapo Mwana haijui siku ile wala saa ile, zitaletwa na mtu, na ni heri uzilete wewe mwenyewe. Jibu ambalo limezoeleka tangu enzi za Athanasio, askofu wa Aleksandria aliyempinga Ario, ni kwamba aya za unyonge na kutojua zinahusu ubinadamu alioutwaa kweli. Mfano wa maji, barafu na mvuke, unaopendwa sana katika kueleza Utatu, uachwe: unafundisha Mungu anayebadilika sura, ilhali katika ubatizo wa Yesu Mwana yumo mtoni, Roho anashuka na sauti ya Baba inasikika, vyote kwa wakati mmoja.

Daraja la kwenda mbinguni ni Luka 24:36-43. Aliyefufuka anaonyesha mikono na miguu, anasema roho haina nyama na mifupa, kisha anapewa kipande cha samaki wa kuokwa, anakila mbele yao. Ni huyo huyo anayepaa katika Matendo 1:9-11.

Sasa kila swali kuhusu mbingu lijibiwe kwa swali lingine: unauliza habari za wakati gani? Luka 23:43 na Wafilipi 1:23 husomwa na Wakristo wengi kuwa zinahusu hali ya waliokufa kabla ya ufufuo, yaani kuwa pamoja na Kristo. Wakatoliki huongeza fundisho la toharani, yaani kutakaswa baada ya kufa kabla ya kuingia mbinguni. Waadventista Wasabato, wakitegemea Mhubiri 9:5, husema wafu wamelala hadi ufufuo. Ufunuo 21 na 1 Wakorintho 15 zinahusu mwisho, na hapo mji mtakatifu ndio unaoshuka, Mungu akafanya maskani pamoja na wanadamu katika nchi mpya. Masomo mengi huharibika kwa kuzichanganya nyakati hizi mbili.

Mtu akiuliza kama tutatambuana, msome pamoja Yohana 20:11-16, Mariamu Magdalene alivyomtambua Bwana alipoitwa jina. Akiuliza habari za ndoa, Mathayo 22:30 inatosha. Akiuliza tutakuwa na umri gani, mwambie waziwazi kwamba Biblia haisemi, kisha uendelee na swali linalofuata.