Kufuata nyuzi za serotonini kwenye ubongo wa panya: kutoka rafe hadi ubongo wa mbele

Kipande chochote cha gamba la ubongo wa panya wa maabara, ukikitia rangi vizuri, kitakuonyesha nyuzi za serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva, zimetapakaa kila upande. Kuziona ni rahisi. Kinachosumbua watu ni kujua kila uzi umetoka kiini kipi cha rafe, yaani kundi lipi la seli zilizo katikati ya shina la ubongo. Mwongozo huu ni wa mtu aliyezoea kushika vipande vya ubongo na mwenye kibali cha kamati ya maadili ya wanyama.

Hatua ya 1: Jua chanzo

Mwaka 1964 watafiti Dahlström na Fuxe waliyagawa makundi ya seli za serotonini kwenye shina la ubongo kuwa B1 hadi B9. Walitumia mvuke wa formaldehaidi, unaoifanya serotonini ing'ae njano. B1 hadi B3 hupeleka nyuzi zake hasa kwenye uti wa mgongo, kwa hiyo yaweke kando. Shughulika na rafe ya mgongoni (B6 na B7), iliyo chini tu ya mfereji wa ubongo, rafe ya kati (B5 na B8) iliyo chini yake, na kundi la B9 lililo pembeni, ambalo wengi hulisahau.

Hatua ya 2: Andaa ubongo

Panya akiwa kwenye nusukaputi nzito, pitisha maji ya chumvi moyoni, kisha paraformaldehaidi ya 4%. Ini likipauka, damu imetoka. Mkia ukikakamaa, dawa imefika. Usiharakishe sehemu ya chumvi. Chembe nyekundu zikibaki kwenye mishipa zitageuka kahawia baadaye, nawe utadhani umeona nyuzi. Loweka ubongo kwenye sukrosi ya 30% mpaka uzame, ugandishe, kata vipande vya mikromita 40.

Bongo nyingine zikate kwa urefu, toka nyuma kwenda mbele. Vipande vya kukingama vinafaa kwa kuhesabu seli, lakini safari ya nyuzi huonekana vizuri zaidi kwenye vipande vya urefu.

Hatua ya 3: Tia rangi

Chagua kingamwili kulingana na swali lako. Kwa miili ya seli kwenye rafe, kingamwili dhidi ya TPH2, kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza serotonini, hufanya kazi safi. Kwa nyuzi za ubongo wa mbele, mimi hupendelea ile ya kisafirishi cha serotonini, SERT, kwa sababu kisafirishi hukaa kwenye utando wa akzoni, wakati serotonini yenyewe hupanda na kushuka.

Mengine ni ya kawaida: hidrojeni peroksaidi, Triton (sabuni ya kufungua utando wa seli) ya 0.3%, seramu ya kuzuia, kingamwili usiku kucha kwenye nyuzijoto 4, kisha biotini na DAB, kemikali inayotoa rangi ya kahawia. DAB hushukiwa kusababisha saratani, kwa hiyo vaa glavu. Kikombe kimoja cha vipande kisipewe kingamwili ya kwanza. Kikigeuka kahawia na chenyewe, usiamini vingine.

Hatua ya 4: Tembea na njia

Anzia rafe ya mgongoni. Nyuzi huteremka, hupinda kwenda mbele kupitia eneo la tegmentamu ya tumbo, kisha huingia kwenye fungu la kati la ubongo wa mbele, ndani ya haipothalamasi ya pembeni. Njiani matawi huchepuka kuelekea amigdala. Zikifika septamu, baadhi huzunguka ncha ya mbele ya kopasi kalosamu (daraja la nyuzi kati ya nusu mbili za ubongo) na kurudi nyuma ndani ya fungu la nyuzi liitwalo singulamu. Nyingine hupita mafungu ya forniksi na fimbria. Njia zote mbili hufika hipokampasi. Hii ina maana hipokampasi ina zaidi ya mlango mmoja. Ukikata fimbria peke yake, bado utakuta nyuzi ndani.

Hatua ya 5: Soma umbo

Tumia lenzi kubwa. Kosofsky na Molliver, mwaka 1987, walieleza aina mbili. Nyuzi za rafe ya mgongoni ni nyembamba, zenye vivimbe vidogo. Za rafe ya kati zina vivimbe vikubwa vya mviringo, kama shanga zilizotungwa; zitafute kwenye jairasi ya dentati, sehemu ya hipokampasi, chini kidogo ya tabaka la seli za punje. Sumu ya parakloroamfetamini huua zile nyembamba na kuziacha zenye shanga, jambo linalosaidia kuzitenganisha. Hata hivyo, umbo ni dalili tu.

Hatua ya 6: Thibitisha

Hapa ndipo hoja nyingi huanguka. Rafe ina seli zinazotumia kemikali nyingine za ujumbe, GABA na glutamati, pia, na baadhi yake hutuma nyuzi mbele vilevile. Dunga Fluoro-Gold au kijisehemu B cha sumu ya kipindupindu, dawa zinazosafiri kutoka ncha za nyuzi kurudi kwenye miili ya seli, kwenye hipokampasi, acha sindano itulie dakika kadhaa kabla ya kuichomoa ili dawa isirudi juu, subiri wiki moja hivi, kisha tia TPH2 kwenye vipande vya rafe. Hesabu kama za serotonini zile tu zenye alama zote mbili. Usidunge ndani ya fungu la kati lenyewe, maana nyuzi zipitazo zinaweza kunyonya dawa.

Ukitaka kwenda upande wa pili, kutoka rafe kwenda mbele, dunga PHA-L, dawa inayosafiri kutoka kwenye miili ya seli kwenda kwenye ncha za nyuzi, kwa sindano iliyoinamishwa: kwenye mstari wa kati kuna mshipa mkubwa wa vena juu na mfereji wa ubongo chini. Seli zenye alama moja nazo ziandike kwenye jedwali lako, safu yake peke yake.