Magento 2 inapokurudisha kwenye fomu ya kuingia ingawa nenosiri ni sahihi

Tatizo hili hujitokeza sana baada ya duka la mtandaoni linaloendeshwa kwa programu ya Magento 2 kuhamishwa kutoka kikoa (domain) cha majaribio kwenda kikoa cha kudumu. Msimamizi anaandika jina na nenosiri, ukurasa unajipakia upya, kisha anajikuta mbele ya fomu ileile bila ujumbe wowote wa kosa. Ukimya huo ndio dalili kuu. Nenosiri likikosewa, Magento husema. Isiposema kitu, mara nyingi imekwisha kukukubali, ila kivinjari hakikutunza kidakuzi (cookie) cha kukutambulisha, na ombi linalofuata linafika kwenye seva kama la mgeni. Niliwahi kubadilisha nenosiri la mteja mara tatu jioni moja kabla ya kulielewa hilo.

Hatua ya 1: Angalia kama kuna ujumbe. Ukiwepo, huenda akaunti imefungwa, kwa kuwa mipangilio ya awali huifunga kwa dakika 30 baada ya majaribio 6 kushindwa, na maneno yanayoonyeshwa hayatofautishi waziwazi kosa la nenosiri na kufungwa kwa akaunti. Ifungue kwenye seva kwa amri hii:

php bin/magento admin:user:unlock jina_la_mtumiaji

Hatua ya 2: Jaribu kuingia kupitia dirisha la faragha. Ukifanikiwa, futa vidakuzi vya zamani vya kikoa hicho katika dirisha la kawaida; kazi imeisha. Ukishindwa, bonyeza F12, fungua kichupo cha Network, weka alama kwenye Preserve log ili kumbukumbu zisipotee ukurasa unapohama, kisha ingia tena. Katika majibu ya seva, tafuta mstari wa Set-Cookie wenye kidakuzi kiitwacho admin, usome kikoa chake, njia yake na kama kina alama ya Secure.

Hatua ya 3: Linganisha kikoa hicho na anwani unayoiona juu ya kivinjari. Hapa ndipo ninapokuta kosa mara nyingi zaidi. Seva ya duka.example.com inaruhusiwa kutoa kidakuzi cha jina lake au cha example.com, lakini ikitoa cha majaribio.example.net, au hata cha www.example.com, kivinjari kitakitupa papo hapo bila kumwambia mtumiaji. Kwa kuwa huwezi kuingia ili kurekebisha, itakubidi upitie hifadhidata, baada ya kuweka nakala yake pembeni:

SELECT scope, scope_id, path, value FROM core_config_data WHERE path LIKE 'web/cookie/%' OR path LIKE '%base_url';

Ukiona kikoa cha zamani, au thamani iliyoandikwa pamoja na https:// au mkwaju (/), usihangaike kuisahihisha. Ifute tu, kwani nafasi ikiwa tupu Magento hutumia jina la anwani iliyoombwa.

DELETE FROM core_config_data WHERE path = 'web/cookie/cookie_domain';

php bin/magento cache:flush

Mabadiliko yasipoonekana, chungulia app/etc/env.php na app/etc/config.php, kwa sababu thamani iliyoandikwa humo huishinda ile ya hifadhidata.

Hatua ya 4: Hakikisha base_url (anwani kuu ya duka) inafanana na anwani halisi, ikiwa na www au bila www, na kwamba eneo la usimamizi linafunguliwa kwa https, kwa maana kidakuzi chenye Secure hakisafiri kwenye http. Kama kuna proksi (seva ya kati) mbele ya seva inayopokea https na kupeleka http, ni lazima ipeleke pia kichwa (header) cha X-Forwarded-Proto, la sivyo kivinjari kitazungushwa bila kikomo.

Hatua ya 5: Kidakuzi kikiwa sahihi, kagua mahali seva inapohifadhi vipindi (session, yaani taarifa za walioingia). Endesha df -h na df -i, kwani diski hujaa kwa ukubwa au kwa idadi ya mafaili, kisha thibitisha kwamba PHP inaweza kuandika ndani ya var/session. Ikiwa unatumia Redis (hifadhidata inayotunza vipindi kwenye kumbukumbu ya seva badala ya mafaili), redis-cli ping inapaswa kujibu PONG.

Anayeingia vizuri kisha akatolewa baada ya robo saa ya kutofanya kitu hana hitilafu: muda wa awali wa kipindi ni sekunde 900, nao hubadilishwa kwa mpangilio wa admin/security/session_lifetime. Na wawili wakitumia akaunti moja, kwa mipangilio ya awali anayeingia baadaye humtoa wa kwanza, hivyo mfungulie kila mmoja akaunti yake.