Kokotoa Mwenyewe Virutubisho vya Gnocchi za Viazi

Kalori zilizoandikwa kwenye pakiti ya gnocchi za dukani (vidonge vidogo vya Kiitaliano vya viazi na unga, vinavyochemshwa) hazikusaidii ukipika mwenyewe. Kila mpishi wa Italia ana kipimo chake cha unga, na unga ndio unaobeba hesabu yote. Tafuta mizani ya jikoni na kalamu.

Hatua ya 1: Chemsha viazi na maganda yake

Chagua viazi vilivyokaa, vyenye wanga mwingi na maji machache. Kiazi kilichomenywa mapema hunywa maji sufuriani, tena huacha humo sehemu ya potasiamu na vitamini C. Maji hayohayo ndiyo yatakayokulazimisha kuongeza unga baadaye. Menya vikiwa bado moto, viponde, uvitandaze mezani mvuke utoke.

Hatua ya 2: Pima

Viazi vipimwe baada ya kumenywa. Bakuli la unga lipime kabla ya kuanza na ulipime tena ukimaliza. Tofauti ndiyo uliyotumia, pamoja na ule ulionyunyiza mezani, ambao wengi huusahau. Hapa nitatumia kipimo kilichozoeleka: viazi kilo 1, unga wa ngano gramu 300, yai 1. (Wapo wasiotia yai kabisa, na gnocchi zao huwa laini zaidi.)

Hatua ya 3: Jumlisha

Haya ni makadirio ya majedwali ya vyakula:

- Viazi kilo 1: kalori 870, wanga gramu 201, protini 19, mafuta 1
- Unga gramu 300: kalori 1,092, wanga 229, protini 31, mafuta 3
- Yai 1: kalori 72, protini 6, mafuta 5

Jumla ni kalori 2,034. Umeona? Unga, ambao uzito wake haufiki hata theluthi ya viazi, una kalori nyingi kuvishinda. Ukifaulu kutumia gramu 200 tu, umeondoa kalori 364 bila kugusa kitu kingine. Ndiyo maana nimesisitiza viazi vikavu.

Hatua ya 4: Gawanya

Gawanya donge la viazi, unga na yai likiwa bichi, kwa kuwa uzito hubadilika kwenye maji ya kuchemshia. Donge letu lina gramu 1,350 hivi. Kwa watu sita, kila mmoja anapata gramu 225: kalori 339, wanga gramu 72, protini 9, mafuta 1.5, nyuzinyuzi kama 4. Mwenye kisukari aitazame hiyo 72 kabla ya kuchota mara ya pili. Mwenye mzio wa gluteni naye asidanganywe na jina la viazi, ngano imo.

Hatua ya 5: Sasa sosi

Siagi gramu 20 iliyokaangiwa majani ya seji, na jibini ya Parmigiano Reggiano gramu 10 juu yake, huongeza kalori 183 hivi. Sahani inavuka 520. Nyanya gramu 100 na nusu kijiko kikubwa cha mafuta ya zeituni haziongezi hata 90. Gnocchi za mtindo wa Sorrento, mji wa kusini mwa Italia, zina nyanya pia, lakini huokwa na mozzarella, kwa hiyo jibini nayo ipimwe.

Waitaliano huzila kama sahani ya kwanza, kisha nyama au samaki hufuata. Kama kwako ndiyo sahani pekee, protini gramu 9 ni kidogo: weka samaki au maharage pembeni, na upunguze gnocchi zenyewe hadi gramu 150.