Duara la misimu sita kwa chekechea ya Perth

Unafundisha wadogo Perth, Australia? Achana na miezi, anza na mti mmoja wa uani. Kata duara la kadibodi, ligawe vipande 6 vya misimu ya Wanoongar, wenyeji wa asili wa eneo hilo: Birak, Bunuru, Djeran, Makuru, Djilba, Kambarang. Kila Jumatatu watoto wautazame mti uleule, dakika 10 zinatosha, kisha wachore walichokiona. Mshale wa duara husogezwa na dalili, si tarehe: umande wa asubuhi na sisimizi wenye mabawa wakitokea, Djeran inaingia, hata kalenda ikisema bado Machi. Mtoto wa miaka 4 tarehe haimwingii, sisimizi anawaona. Sydney au Darwin duara hili halifai: huko wenyeji ni wengine na misimu yao nyingine, waulizeni.