Kuifufua Ruta kwa Bus Pirate: Soma Kwanza, Ndipo Uandike

Ruta inapokatikiwa na umeme katikati ya kusasishwa, mara nyingi hakuna sehemu yake iliyoungua. Kilichovurugika ni fimuwea, yaani programu iliyohifadhiwa katika chipu ndogo ya kumbukumbu yenye pini nane, na chipu hiyo inaweza kusomwa na kuandikwa upya kutoka nje hata kama kichakataji cha ruta hakiamki. Kifaa ninachokieleza hapa ni Bus Pirate toleo la 3, bodi ndogo iliyobuniwa na Ian Lesnet wa Dangerous Prototypes, ambayo huunganishwa na kompyuta kwa USB na kuwasiliana na chipu kwa itifaki za SPI, I2C, 1-Wire na UART.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote katika kazi hii ni haraka ya kuandika. Ndani ya chipu ile ile inayobeba fimuwea kuna pia data ya urekebishaji wa redio, iliyopimwa kiwandani kwa ajili ya ruta hiyo moja tu, na kwa kawaida anwani yake ya MAC, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Ukivifuta bila kuwa na nakala, huwezi kuvipakua popote, na ruta iliyofufuka bila data hiyo inaweza kuwaka vizuri huku Wi-Fi yake ikiwa dhaifu au haipo kabisa.

Hata hivyo, usianzie kwenye chipu. Tafuta kwanza kwenye bodi ya ruta pini tatu au nne za UART, mlango ambao ruta hutumia kutuma na kupokea maandishi, kwa sababu kipakiaji cha mfumo, yaani programu ndogo inayoanzisha ruta, huenda bado ki hai na kinaweza kupokea fimuwea mpya kwa njia ya TFTP, itifaki rahisi ya kuhamisha faili mtandaoni, bila kugusa kitu kingine. Hakikisha kwa multimita kwamba pini ya kutuma haizidi volti 3.3. Kisha unganisha GND (ardhi) kwa GND, MISO ya Bus Pirate, ambayo katika hali ya UART ndiyo inayopokea, kwenye TX (pini ya kutuma) ya ruta, na MOSI kwenye RX (pini ya kupokea), ukiiacha pini ya umeme bila waya. Kwenye kompyuta fungua programu ya mawasiliano (terminal) kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde, andika `m`, chagua UART, na baada ya kuweka kasi ya ruta, ambayo mara nyingi ni hiyo hiyo, andika `(1)` ili Bus Pirate iwe daraja tupu kati ya kompyuta na ruta. Utatoka kwenye daraja hilo kwa kuichomoa Bus Pirate.

Ikiwa UART iko kimya, chomoa umeme wa ruta na ugeukie chipu. Soma namba iliyochapwa mgongoni mwake, kwa kuwa herufi moja hubadilisha mambo: W25Q64FV ya Winbond hutumia volti 2.7 hadi 3.6, ilhali W25Q64FW hutumia volti 1.65 hadi 1.95, na kuipa hii ya pili volti 3.3 ni kuhatarisha kuiunguza. Kitone kidogo kwenye kona huonyesha pini ya 1, ambayo ni CS, ya kuichagua chipu, na huenda kwenye CS ya Bus Pirate. Pini ya 2 huenda kwenye MISO, ya 4 kwenye GND, ya 5 kwenye MOSI, ya 6 kwenye CLK, na ya 8 kwenye volti 3.3. Pini za 3 na 7, zinazozuia uandishi na kusimamisha mawasiliano, zinapaswa kuwa juu, yaani kwenye volti za umeme wa chipu. Bodi nyingi huwa zimekwisha kuzivuta zenyewe, lakini chipu iliyong'olewa lazima uziunganishe na pini ya 8. Tumia kibanio cha pini nane na nyaya fupi kadiri inavyowezekana.

Jaribu mawasiliano kwa mkono kabla ya kuiachia programu. Katika hali ya SPI chagua pato la kawaida la volti 3.3, washa umeme kwa `W`, kisha andika `[0x9f r:3]`. W25Q64FV itajibu 0xEF 0x40 0x17. Ukipata 0xFF au 0x00 mara tatu, basi kibanio hakijashika, au umeme hautoshi: Bus Pirate hutoa takribani miliampea 150, zinazotosha chipu moja lakini hazitoshi bodi nzima ambayo nayo inajaribu kuamka kupitia pini ya 8. Dawa ya uhakika ni kuinua pini hiyo kutoka kwenye bodi, au kuing'oa chipu kwa hewa ya moto. Kazi hiyo inataka utulivu, ila ni afadhali kuliko kubahatisha na usomaji unaoyumba.

Funga programu ya mawasiliano, la sivyo mlango wa USB utakuwa umeshikiliwa, kisha soma mara mbili kwa flashrom, programu ya kusoma na kuandika chipu za aina hii:

`flashrom -p buspirate_spi:dev=/dev/ttyUSB0,spispeed=1M -r nakala1.bin`

Rudia amri hiyo kwa `nakala2.bin` na ulinganishe faili zote mbili kwa `sha256sum`, amri inayotoa alama ya kipekee ya yaliyomo kwenye faili. Kuwa na subira: kwa kasi ya 115200, baiti 8,388,608 za chipu hii haziwezi kupita kwa muda unaopungua dakika 12. Alama za sha256 zikitofautiana hata kidogo, punguza spispeed hadi 250k, rekebisha kibanio, na usiandike chochote mpaka nakala hizo mbili zifanane.

Sasa tengeneza faili la kuandika kutokana na nakala yako mwenyewe. Katika ruta nyingi za MB 8 zenye kichakataji cha Atheros, KB 128 za mwanzo ni kipakiaji, na KB 64 za mwisho ni data ya redio. Thibitisha mpangilio wa ruta yako kabla ya kufuata mfano huu:

`cp nakala1.bin mpya.bin`

`dd if=fimuwea.bin of=mpya.bin bs=65536 seek=2 conv=notrunc`

Faili la fimuwea lisizidi baiti 8,192,000, kwani likizidi litaivamia data ya redio. Hakikisha pia kwamba halibebi kipakiaji mwanzoni mwake. Ikiwa kipakiaji chenyewe ndicho kilichoharibika, utakibadilisha kwa njia hiyo hiyo ukitumia `seek=0`, lakini chunguza kwanza mwisho wa sehemu hiyo, maana baadhi ya watengenezaji huiweka anwani ya MAC hapo.

Andika kwa amri ile ile ya flashrom, ukiweka `-w mpya.bin` mahali pa `-r nakala1.bin`. Flashrom itafuta na kuandika sehemu zilizobadilika tu, kisha itasoma tena na kuthibitisha. Uthibitisho ukishindwa, usizime kitu chochote. Rudia uandishi kibanio kikiwa palepale. Ukifaulu, ondoa kibanio, rudisha pini uliyoinua, unganisha UART, na uwashe ruta kwa adapta yake. Maandishi ya kuwaka yakipita hadi mwisho, linganisha anwani ya MAC na ile iliyo kwenye lebo chini ya ruta, kisha uhifadhi `nakala1.bin` kwa jina lenye namba ya utambulisho ya ruta hiyo.